Docteur wa kwenye tablette anataka kuniaga, na salon nzima inapiga makofi

Admin, ficha jina langu, maana Matonge nzima, mtaa wetu Waafrika wa Bruxelles, inanijua. Mimi ni papa wa miaka hamsini na tatu, nina mke na watoto, tunakaa Koekelberg. Kule kwetu nilikuwa sergent, na si sergent wa kushika fagio. Nilitembea msituni na risasi mguuni mpaka risasi yenyewe ikachoka, ikatoka. Hapa Bruxelles nililinda mlango wa bureau moja kubwa karibu na Schuman, kwenye maofisi ya Umoja wa Ulaya, mabwana wa dunia wakinisalimia wa kwanza. Kazi ile niliiacha. Watu nawaambia ni mguu. Ukweli, siku moja carton ilianguka nyuma yangu, wakanikuta chini ya meza ya mapokezi nalia kama mutoto.

Tangu pale, nyumbani kwetu hakuna kifuniko kinachoanguka. Mke wangu alifungia kabatini ile sufuria yake ya kupiga filimbi. Petardi, zile fataki za vijana, zikilia barabarani, naenda kukaa ndani ya baignoire, beseni kubwa la kuogea, na nguo zangu, nangoja ziishe.

Bon, association moja ya askari wa zamani ikanitafutia docteur wa mawazo, maman wa Bujumbura, anajua Kiswahili. Anakaa mbali, na mimi train siwezi tena kupanda, donc tunaonana kwa tablette kila Alhamisi mchana. Anauliza yote: usingizi, chakula, mguu, tension, maombi, marafiki.

Kosa lilianza siku ya kwanza. Kwetu docteur akikuja kwa mugonjwa, watu wanakuja kukaa naye. Mke wangu akapika sombe ya majani ya muhogo, akaita watu. Docteur alipotokea kwenye kioo, salon, sebule yetu, ilikuwa imejaa.

"Papa, ningependa tubaki sisi wawili," akasema.

Rafiki yangu Papa Deo akajibu mbele yangu: "Docteur, mugonjwa habaki peke yake. Sisi si wazungu!"

Ningewafukuza vipi, na sahani ziko mikononi? Docteur akauliza kama kuna kitu ninachoogopa. Macho yote kwangu.

"Mimi? Docteur, mimi nilinyonga mamba na kamba ya kiatu!"

"Kiatu kimoja ao viwili, sergent?" Papa Deo akachokoza.

"Kimoja! Cha pili mamba alikuwa ameshameza!"

Wakacheka mpaka tablette ikaanguka, paa! Wote waliendelea kucheka. Mke wangu peke yake ndiye alinishika mkono chini ya meza, akaubana mpaka kicheko kikaisha.

Alhamisi zote zikawa hivyo. Ile iliyopita docteur akasema: "Papa, kila mara nakuona unacheka, uko na watu. Kama kuna lingine, niambie. Kama hakuna, wiki ijayo tumalize. Kuna askari mwingine anangoja nafasi."

Salon ikapiga makofi. "Sergent amepona!"

Watu walipotoka, mke wangu akasimama mlangoni mwa jikoni. "Baba watoto, umepona kweli? Basi nitoe sufuria yangu?"

Nikaanza kukusanya sahani.

Juzi nikajikaza, nikaomba docteur anipe dakika chache. Nikaingia bafuni na tablette, nikafunga mlango, nikakaa ndani ya baignoire. Akatokea. "Papa, leo tuko wawili. Nakusikiliza." Nikafungua kinywa. Akatoka yule mamba wa kamba ya kiatu. Tena sasa walikuwa wawili, na kiboko akafuata nyuma. Docteur hakucheka. Alingoja. Na mimi najisikia nasema, nashindwa kuacha. Mwisho akasema taratibu, "Haya, papa. Tutaonana Alhamisi."

Alhamisi ni kesho. Papa Deo ameagiza bière ya kusherehekea, kuku wako kwenye frigo. Nyinyi musiojua sura yangu, nishaurini. Watu kuwatoa, labda mke wangu atanisaidia. Lakini nikibaki na yule maman, muntu anaanzia wapi? Munipe neno la kwanza tu. Mengine nitajaribu mwenyewe.