Shuka Nililolifua Endulen

Juzi hapa Karatu, kwenye hoteli ninakofanya usafi, mgeni aliniuliza lile shuka jekundu tunalolikunja miguuni pa kitanda ni la kazi gani. Nikamwambia ni pambo. Ningeanzia wapi kumweleza, rafiki yangu?

Kwetu, mwendo wa nusu siku kutoka Endulen, bibi yangu alikuwa na shuka la kutokea na jingine la kila siku, na hilo la kila siku halikuwa na mapumziko. Asubuhi baridi ikiuma, wajukuu tulijibanza ndani yake. Likifungwa begani ni nguo, likifungwa mgongoni ni mbeleko. Alibebea kuni, alibebea mwanambuzi aliyezaliwa malishoni, aliepulia sufuria ya chai. Mgeni akija alitandikiwa. Bibi akicheka alijiziba nalo mdomo, maana meno ya mbele yalikuwa yameshang'oka. Lilinuka moshi, samli na ng'ombe. Mpaka leo mtu mwenye harufu hiyo akinipita sokoni, namfuata hatua mbili tatu kama mwehu.

Nilipokuwa darasa la sita nilirudi likizo kutoka shule ya bweni, kichwa kimejaa somo la usafi, sanduku lina sabuni ya unga. Ulikuwa mwaka wa ukame. Baba alikuwa amehamishia ng'ombe upande wa Malambo kutafuta majani. Mama alikuwa amelazwa hospitalini Endulen tangu ajifungue, na mdogo wangu, kichanga wa wiki chache, aliishi kwa maziwa ya ng'ombe mmoja tu aliyeachwa nyumbani.

Ng'ombe huyo alikuwa amefiwa na ndama. Kwa kawaida ngozi ya ndama huwekwa mbele ya mama yake ailambe, naye huachia maziwa. Lakini fisi walituwahi, hata ngozi hawakubakiza. Kilichobaki ni shuka la bibi, alilombebea yule ndama siku zake za mwisho. Kila jioni alilitundika kwenye boma, ng'ombe akalilamba, na kibuyu kikapata chochote cha mtoto.

Mimi sikuwa nimeambiwa. Niliona shuka chafu, lenye ute na manyoya. Bibi alipokwenda kuokota kuni nikalipeleka kwenye kijito kilichobaki, nikalifua mara mbili, nikalianika. Nilijisikia mtu wa maana sana.

Jioni ng'ombe alilinusa, akapiga chafya, akageuka. Bibi akalinusa na yeye. Mimi nilikuwa nangoja sifa.

"Umelifua, mwanangu?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Hakunigombeza, na afadhali angenichapa. Alilipaka chumvi shuka, akamwimbia ng'ombe, akamsihi kama unavyomsihi mtu. Siku ya tatu chuchu zilikuwa zimekauka. Majirani walitoa walichokuwa nacho, na mwaka ule hakuna aliyekuwa na kitu. Mtoto alilia sana, halafu akawa halii. Alifia mgongoni mwa bibi, njiani kwenda hospitalini alikolazwa mama, akiwa amefungwa kwenye shuka lilelile, na akazikwa nalo.

Kila aliyeuliza, bibi alimjibu kwamba ng'ombe alikaushwa na njaa. Alikufa na neno hilo. Boma letu halipo tena, ndugu wametawanyika, na ukipita pale utaona mviringo wa majani yaliyoota juu ya samadi, basi. Hakuna aliyebaki anayejua hata anigombeze, nami sijapata ujasiri wa kujisema mwenyewe.

Mama ninaishi naye hapa Karatu. Amezeeka, na siku hizi anamkumbuka sana yule mtoto. Jana tena, tukiwa tunachambua mboga, alinishika mkono.

"Bibi yako aliniambia," akasema. "Mwanangu alizikwa na shuka safi, linanukia sabuni, na wewe ndiye uliyelifua. Mungu akubariki."

Nikaitikia, "Amina, mama."