Sare ya Zambarau

Juzi nilipanda nyumbani Kirua Vunjo kwa mapumziko ya Krismasi, na kabla sijatua begi mama alishanipa kazi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku akinivuta mkono kuelekea jikoni. Kulikuwa na sufuria kubwa ya ndizi mbivu zinazochemshwa kwa ajili ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, zimeshageuka nyekundu, na harufu yake tamu ilikuwa imejaa hadi uani. Akanirushia kitambaa cha kushikia. Kilikuwa kimeungua pembeni na kujaa masizi, lakini kwenye pindo rangi ilikuwa bado inaonekana: zambarau yenye maua meupe madogo. Nilisimama nacho hadi mama akaniuliza kama nimekuja kuepua au kusali.

Ngoja nikusimulie habari za kitambaa hiki, rafiki yangu, maana mwaka huu nilikihitaji kuliko nilivyojua.

Nilikuwa darasa la tatu bibi, mama yake baba, aliporudishwa kutoka hospitali ya mjini. Daktari aliwaita wakubwa pembeni akawaambia wampeleke nyumbani, akakae na watu wake. Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa maneno hayo. Habari zilisambaa Dar, Arusha na Rombo, na ndugu wakaanza kuingia na mabegi yao, kila mmoja akiingia chumbani kwa bibi anatabasamu na kutoka anafuta macho. Wakakubaliana ifanyike karamu ya kuagana, achinjwe mbuzi, ipikwe mbege, bibi abariki wanawe na wajukuu angali na sauti.

Mimi kilichonishangaza ni jinsi wakubwa walivyobadilika. Bibi alikuwa chumba cha pili, na ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao, lakini walishaanza kumzungumzia kama mtu aliyekwisha kwenda. "Mama alikuwa anapenda sana mtori," anasema mmoja, na mtori wenyewe, supu yetu ya ndizi na nyama, uko jikoni unatokota, na bibi anakohoa kuuliza kama umeiva.

Shangazi, binti yake mkubwa, alinichukua tukashuka Moshi kununua kitambaa cha sare ya msiba. Alitaka mambo yawe tayari, tusije tukahangaika siku yenyewe. Tuliingia kwenye duka la mzee mmoja wa Kihindi, dukani kunanukia nguo mpya na udi, majora yamepangwa mpaka darini. Mzee akalitandaza jora la zambarau juu ya meza.

"Shughuli gani, mama?"

Shangazi yangu, aliyekuwa akituchapa kwa uongo mdogo tu, akaangalia chini. "Harusi," akasema.

Mzee alifurahi kweli. Akapima, akakata, halafu akarudisha mkono kwenye jora na kukata kipande kingine kizuri. "Hii ya bi harusi," akasema. "Zawadi ya duka." Shangazi alilia njia nzima ya kurudi, na mimi nilidhani analia kwa sababu ya ukarimu wa yule mzee.

Kile kitambaa akakificha stoo, ndani ya tenga la ulezi. Bibi alikuwa hajainuka kitandani kwa muda mrefu, kwa hiyo hapakuwa na mahali salama zaidi.

Sasa ikabaki mbege. Kama hujakulia milimani kwetu, nikueleze kidogo. Ndizi zinaning'inizwa juu ya moto wa jiko hadi ziive zenyewe. Zikiiva zinachemshwa, kisha zinaachwa zichachuke kwa siku zake. Huku nyuma ulezi unaloweshwa, unaota, unaanikwa, unasagwa, unapikwa uji, ndipo vitu hivyo viwili vinakutanishwa. Ni kazi ya majuma. Baba mkubwa, kaka yake baba aliyefanya kazi Dar, alikuwa na likizo fupi, na tena alikuwa na hofu kwamba bibi hatafika. "Punguzeni mizunguko," aliwaambia akina mama. "Hatuna muda." Kwa hiyo ndizi zikachemshwa zingali ngumu, zikakaa kidogo tu, na ulezi ukasagwa kabla haujaota sawasawa.

Kata ya kwanza ilipelekwa kitandani, kwa sababu mwenye shughuli ndiye anayeonja kwanza. Tulijazana mlangoni. Bibi akashikiliwa mgongo, akanywa funda moja, akafumba macho. Alikaa hivyo hadi shangazi akaanza kuvuta kamasi.

"Nani kapika hii?" bibi akauliza. Aliuliza kwa Kichagga, maana Kiswahili alikiweka kwa ajili ya padri na wauza duka.

Mama yangu aliangalia ukuta kana kwamba hajawahi kuuona.

"Kufa nitakufa, sawa," akasema. "Lakini sifi na hii mdomoni. Wapeni nguruwe."

Baba mkubwa akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, likizo yangu inaisha."

"Nenda kazini, mwanangu. Ikiiva tutakuita."

Asubuhi yake alitaka apelekwe jikoni. Wakamweka kwenye kigoda, kafunikwa blanketi, akaamuru ikatwe mikungu mipya, akaikagua mmoja mmoja. Siku iliyofuata akataka auone ulezi kwa macho yake, kwa kuwa hakumwamini tena mtu. Akainuka. Akatembea ameshika ukuta hadi stoo, mimi nyuma yake, shangazi nyuma yangu amekauka midomo. Bibi akaingiza mkono kwenye tenga akatoa zambarau.

Aliigeuza. Akaisugua kwa kidole gumba. Alikuwa mtu mzima, alijua kabisa ile ni nguo ya nini.

"Sare nzuri hivi," akasema, "na mwenye shughuli hamkumkatia?"

Shangazi akakaa chini pale pale kwenye maganda, analia na kucheka kwa pamoja. Ndipo akakumbuka kile kipande cha bi harusi. Kilimtosha bibi gauni na kilemba.

Majuma yale ya kusubiri ndiyo utoto wangu wote, ukiniuliza leo. Wakubwa walikuwa wanahesabu kutokea kwenye kifo kurudi huku, na kila siku ikipita wanaona imepungua. Bibi alihesabu kwa kilichokuwa mkononi. Ulezi umeanza kutoa mizizi. Ndizi za juu zimelainika, za chini bado. Kesho tunasaga. Alikuwa akiniamsha alfajiri nimshikie mkono tukaguse ndizi, na njiani ananituma nimletee mtori, na mtori anaumaliza. Mashavu yakaanza kurudi. Sisemi mbege ilimponya, na daktari hakusema uongo, alisema alichokiona. Ninachojua ni kwamba yule mama hakuwa na nafasi ya kufa, alikuwa na ndizi zinaiva.

Baba mkubwa aliitwa akaja. Siku ya karamu bibi alitoka chumbani kwa miguu yake amevaa zambarau, na nyuma yake wanawe wote katika zambarau, na uwanja mzima ukapiga vigelegele, hata walioijua siri ya ile nguo. Akaonja mbele ya watu. Akanyanyua kata juu. "Hii sasa ni mbege!" Halafu akatupanga mstari, akatupulizia mbege kidogo vifuani, mmoja mmoja, kama wazee wetu wanavyobariki. Mimi nilibaki na harufu hiyo kwenye gauni na sikutaka lifuliwe.

Akaendelea kuishi. Alivaa gauni lile kwenye kipaimara changu. Sare ile iliingia kanisani kwa harusi za wajukuu, moja baada ya nyingine, hadi maneno aliyoyasema shangazi dukani yakawa kweli. Ilipopauka ikawa ya shambani, ilipochanika ikawa ya kubebea watoto, na mwisho ikawa vitambaa vya jikoni. Bibi alipofariki mimi nilikuwa mama wa watoto wangu, na hapakuwa na kipande kizima cha kumvisha hata mtu mmoja. Shangazi alishuka tena Moshi, kwenye duka lile lile. Mtoto wa yule mzee ndiye aliyekuwa mezani sasa, akauliza shughuli gani. "Ya mama yangu," shangazi akajibu, na safari hii alimwangalia usoni.

Mengi yamekwenda. Jiko la moshi lilibomolewa, kahawa ya kihamba cha juu, shamba letu la ukoo, imeng'olewa, na kwenye shughuli nyingi siku hizi zinashushwa kreti za bia na kazi imekwisha. Wanaojua kuotesha ulezi kijijini kwetu ni wa kutafuta. Nami mwaka huu, nikikaribia kustaafu, nilianza kuyaangalia maisha yangu kama mtu anayefunga duka jioni: kilichobaki ni kiasi gani, na kilikuwa cha nini. Usingizi ulinipotea kwa maswali hayo. Nimepanda huku nayo.

"Lakini wewe," mama akasema juzi ile ile pale jikoni, mvuke ukitupiga usoni, "ruhusa yako si itaisha kabla haijaiva?"

Nilikikunja kitambaa cha bibi mara mbili, nikashika sikio la sufuria, naye akashika la upande wake.

"Wataniongezea," nikamwambia. "Na tukishaepua, nionyeshe ulezi uko wapi."