Kabatini kwa Bingwa wa Barafuni

Hadi leo nikinusa naftalini, ile dawa ya nondo, nazuia kikohozi. Ndiyo harufu ya kabati la nguo la Nyanya Ulla, kule Kings Heath, mjini Birmingham, nilikojificha likizo nzima ya katikati ya muhula nilipokuwa na miaka minane. Mama alikuwa akimhudumia bibi huyo nyumbani kwake, na hakuwa na mtu wa kuniachia. Kampuni yake haikutaka kabisa kuona mtoto kazini. Baba alikuwa bado Nakuru, akingoja Mama adumu kwenye kazi hiyo ndipo apate viza ya kutufuata. Kwa hiyo kila asubuhi, tukiwa mlangoni, Mama aliniinamia na kuninong'oneza: "Doorbell ikilia, ingia wardrobe, na usithubutu kukohoa. Wakikupata hapa, kazi imeisha, na Daddy haji. Umeskia?" Nilikuwa nimesikia. Nilimsikia hata usingizini.

Nyanya Ulla naye hakuwa akienda popote. Kiharusi kilikuwa kimempooza upande wa kushoto, akawa anashinda kitini karibu na dirisha, akiigombeza mvua kwa Kiswidi. Lakini ujanani alikuwa bingwa wa Uswidi katika ule mchezo wa kutelezesha mawe mazito juu ya barafu, huku wenzako wakifagia mbele ya jiwe ili lifike mbali. Alinisimulia yote, nami nikazitafuna hadithi zake kama njugu. Ubingwa aliutwaa mara mbili. Fainali ya tatu aliipoteza mwenyewe: alipokuwa akifagia, ufagio wake uligusa jiwe likiwa linakwenda. Hakuna aliyeona. Katika mchezo huo, aliniambia, mchezaji hujishtaki mwenyewe, basi akainua mkono, jiwe likaondolewa, na kombe likaenda kwa wengine.

"Uliumia?" nikamwuliza.

"Sana," akasema. "Lakini usiku nililala."

Nilimwona mkubwa kuliko watu wote wa Birmingham.

Ijumaa kengele ikalia. Nikajitumbukiza kabatini, makoti yakanifunika uso, magoti yakagusa kidevu. Alikuwa msimamizi wa Mama, amekuja kukagua bila taarifa. Nilisikia viatu vyake, kisha swali la kawaida tu: kuna mtu mwingine yeyote humu ndani? Mama akajibu haraka kwamba hakuna. Msimamizi akamgeukia bibi na kumwuliza vilevile. Nikamwomba Mungu ampe bibi uongo mmoja tu, hata mdogo.

"Yupo mtoto kabatini," Nyanya Ulla akasema. "Mtoto mzuri sana."

Mama alifukuzwa siku hiyohiyo. Kwenye basi alinishika mkono hadi ukaniuma. Baba alikuja nikiwa tayari sekondari, nikamsalimu kwa Kiingereza kama mgeni.

Sasa naishi Selly Oak, mjini humohumo. Likizo zikifika nafanyia kazi nyumbani, na binti yangu hupiga kelele katika vyumba vyote bila mtu kumnyamazisha. Mama hamlaumu bibi yule. "Si alisema tu ukweli," husema, "na alifikiri anakusifu." Pengine. Namfundisha binti yangu kusema kweli, tena bila utani. Lakini Baba alikufa kabla hatujamaliza kuzoeana, na mimi bado natamani bibi yule angedanganya.