Shukrani kwa Mpishi wa Mkutano

Kwa miaka thelathini na mmoja Althea Bushey aliwapikia watu wa Tilden maharage ya mkutano wa mji, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akichangia hoja. Si kwamba alikosa maneno. Maharage yanataka kuangaliwa, na anayeangalia maharage haangalii ajenda. Huko Vermont mji mdogo haungoji diwani auamulie mambo yake. Jumanne ya kwanza ya Machi wakazi huacha kazi zao, huingia ukumbi wa shule na viatu vyao vya tope, na kwa pamoja huamua kodi iwe kiasi gani na barabara ipi ichongwe kwanza. Kila mtu ana mdomo wake na kura yake. Hujisifia sana jambo hilo, tena mbele ya wageni.

Mwaka ule Althea alikuwa na la kusema. Hoja ya kumi na nne iliuliza kama mji uuze machimbo yake ya zamani ya mawe kwa Kampuni. Wote waliiita hivyo tu, Kampuni, nayo ilitaka kujenga pale gereza lake la biashara. Iliahidi ajira mia moja na arobaini, na Tilden ilikuwa na njaa ya ajira tangu kiwanda cha mbao kifungwe.

Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyomshikilia mwanawe, Royce. Alikuwa kwenye gereza lao la kusini, mwendo wa siku mbili kwa gari, kwa sababu jimbo halikuwa na nafasi na lililipia wafungwa wake huko kwa kichwa. Royce alivunja duka la dawa. Althea hakuwahi kumtetea kwa hilo. Mwizi ni mwizi, hata ukimzaa mwenyewe. Lakini Royce alikuwa na kisukari, na mwezi wa Januari ilikuja barua yake ya ukurasa mmoja. Alipata kidonda mguuni. Aliomba daktari siku arobaini, akaambiwa ajaze fomu, na alipoijaza akaambiwa fomu hiyo haitumiki tena. Wakamkata mguu wa kushoto chini ya goti. Mwisho aliandika: “Nasikia wanakuja kwetu. Wasomee hii, Mama, kabla hawajapiga kura. Wote wananijua.”

Walimjua kweli. Nusu yao aliwahi kuwaondolea theluji mlangoni bila kungoja asante. Royce aliruhusiwa simu ya dakika kumi kila Jumapili, na kwenye simu hiyo Althea alimwahidi kwamba ataisoma yote, neno kwa neno.

Mwenyekiti wa mkutano alikuwa Harlan Bushey, shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe. Alikuwa kwenye kiti hicho mwaka wa kumi na tisa, na sheria za mikutano alizijua kama njia ya kwenda chooni kwake. Mkwe wake alikuwa ameshajaza fomu ya kuajiriwa askari wa Kampuni. Althea alilijua hilo, ila alijiambia damu ni nzito kuliko maji. Maskini mama wa watu.

Asubuhi Harlan alipita jikoni, akafunua sufuria, akaonja maharage yaliyopikwa na nyama ya nguruwe na shira wanayoigema kwenye miti yao.

“Yako ni ya kumi na nne, shemeji,” alimwambia. “Haifiki kabla ya chakula. Wewe pika kwa amani. Tukiikaribia nakuja kukuita mwenyewe.”

“Usije ukanisahau, Harlan.”

“Nikusahau wewe? Na haya maharage?”

Saa nne na nusu ikaletwa habari jikoni kwamba watu wana njaa, chakula kitoke nusu saa mapema. Wanawake saba wakaanza kukimbizana na mikate na matrei. Feni ya jiko ilikuwa ikiunguruma juu ya vichwa vyao, hawasikii la ukumbini wala la nje. Na huko ukumbini, walipomaliza tu hoja ya tano, mtu wa viti vya nyuma alisimama akaomba hoja ya kumi na nne iletwe mbele, kwa kuwa wageni wa Kampuni wana ndege ya kuwahi. Harlan akawataka wanaokubali waseme ndiyo, na ndiyo zikawa nyingi. Winifred Tatro, mwalimu mstaafu aliyewafundisha kusoma karibu wote waliokuwa mle, alisema Althea aliomba kusikilizwa kwanza. Harlan akamjibu kwamba mwenye la kusema huonekana ukumbini. Kuna waliocheka. Wakasimama kuhesabiwa: tisini na wawili waliotaka kuuza, themanini na wanane waliokataa.

Jikoni kulikuwa na wanawake saba, na Harlan aliijua idadi yao.

Mwalimu Tatro alikimbilia jikoni kadiri magoti yake yalivyomruhusu. Althea akatoka na aproni yake, barua mkononi. Lakini sheria yao ni hii: hoja ikishapigiwa kura na nyingine ikafunguliwa, ile ya kwanza haifufuliwi tena siku hiyo. Harlan alikuwa ameifungua hoja ya sita, ya kununua greda, kabla waliohesabiwa hawajakaa vizuri.

“Ulisema utaniita,” Althea alisema kutoka mlangoni.

“Tuko kwenye greda, shemeji. Una la kusema kuhusu greda?”

Wengine walicheka tena. Althea hakuwa na la kusema kuhusu greda. Alirudi jikoni, akapakua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba alipakua. Sahani mia moja na themanini na zaidi, kwa mikono yake, na Harlan akaja mara mbili.

Saa tisa alasiri, kama ilivyo desturi, hoja ya mwisho ilikuwa ya kuwashukuru wapishi. Mtu akaitoa, mwingine akaiunga mkono, na Harlan akauliza kama kuna mchango. Haujawahi kutokea mchango kwenye hoja hiyo. Althea akanyoosha mkono. Akakunjua karatasi, ambayo sasa ilikuwa na doa la shira, akaanza kusoma.

“Mama, wamenikata mguu.”

Harlan aligonga meza kwa nyundo yake ya mwenyekiti.

“Shemeji, hoja iliyo mbele yetu ni chakula.”

“Mwache asome, Harlan,” alisema Mwalimu Tatro.

“Uko nje ya hoja, Mwalimu. Na yeye pia.” Akaugeukia ukumbi. “Wanaokubali?”

Wakakubali kwa kishindo. Wakasimama wote, pamoja na wale tisini na wawili, wakapiga makofi mpaka madirisha yakatikisika, na baadhi walikuwa na machozi, kwa maana walimpenda.

“Wanaopinga?”

“Napinga,” alisema Althea.

Karani aliandika kwamba shukrani zimepita, mmoja akipinga.

Jumapili simu ikalia. Royce hakuuliza hali ya mtu.

“Ulisoma, Mama?”

“Nilisoma.”

“Wakasemaje?”

Althea aliegemea ukuta wa jiko lake. Kwenye kiti kulikuwa na sufuria kubwa ya mkutano, ambayo hajaiosha tangu Jumanne.

“Walisimama wote,” alisema. “Wakapiga makofi.”

Upande wa pili akamsikia mwanawe akilia, akilia na kucheka kwa pamoja.

“Si nilikwambia? Wananijua wale. Si nilikwambia, Mama?”

Alikuwa bado anasema hivyo dakika kumi zilipoisha na Kampuni ikakata simu.