Barabara Isiyo na Mgongo

Siku ya kwanza pale Giheke, chef wa brigade, mukubwa wa kikosi chetu cha barabara, hakuniuliza hata jina. Alinionyesha niveleuse, ile mashine ndefu yenye kisu tumboni cha kusawazisha barabara, akasema: "Wewe wa Bukavu, panda tuone." Nikapanda. Kazi hiyo niliifanya Kongo miaka mingi, kabla vita havijatufukuza turudi kwenye nchi ya babu zetu tukiwa kama bageni.

Nyinyi batoto munaona dereva amekaa tu. Eh! Barabara ya changarawe lazima iwe na mgongo: katikati juu, pembeni chini, ili mvua ikimbilie kwenye mitaro. Unakilaza kisu kidogo, unavuta changarawe kutoka pembeni, unairudisha katikati, halafu unapita tena. Siku hizo malori ya baaskari yaliyoelekea mpaka wa Kongo yalikuwa yamekula hata njia za mashamba. Tulitengeneza, yakabomoa, tukatengeneza tena.

Njia ninayotaka kuwaambia iko Nyakarenzo, inapanda kwenye mashamba ya mihogo. Pale kulikuwa na mujane, Maman Veneranda. Kila saa sita aliniletea viazi na maharage, mimi ambaye sikuwa na muntu. Binti yake Espérance alikuwa na mimba kubwa.

"Papa Niveleuse," aliniambia, "utengeneze muzuri. Huyu akishikwa na uchungu, ambulansi ifike. Mujukuu wangu wa kwanza alifia njiani, tumemubeba mama yake kwa ngobyi."

Ngobyi ni machela yetu, bantu bane banabeba mugonjwa mabegani. Nikamuahidi.

Kesho yake akaja Bwana Conducteur, mukubwa wa kazi zote za barabara. Bageni kutoka Kigali balikuwa banakuja na magari madogo. Alitazama mgongo niliouinua, akakunja uso.

"Hii ni nini, ng'ombe? Laza yote iwe kama meza!"

"Chef, mvua ikinyesha maji yatakaa juu."

"Nyinyi ba Kongo munajua sana. Unataka kazi ao hautaki?"

Nilikuwa nimezunguka miezi minane nikiitafuta kazi hiyo. Nikashusha kisu, nikakata mgongo wote, kazi safi kabisa, na aibu juu yangu. Maman Veneranda alisimama pembeni akipiga makofi, kwa sababu kwa macho ilipendeza. Sikumuambia kitu.

Bageni balipita, bakapiga picha, bakaenda. Wiki mbili baadaye mvua ikafunguka. Maji yakakaa juu, magurudumu yakachimba, na ambulansi iliyokuja kumuchukua Espérance, uchungu umemushika, ikazama kwenye kona, chini kidogo ya shamba la mama yake. Akabebwa kwa ngobyi, babebaji matope mpaka magotini. Yeye alipona. Mutoto hapana.

Bwana Conducteur alipandishwa cheo. Mimi, siku ya kustaafu, nilipewa picha kwenye fremu: njia ileile, laini kama meza. Balidhani bananifurahisha! Iko chini ya kitanda, imegeuzwa uso. Na musiniambie kwamba nilitii tu. Mgongo niliujua, na kisu kilikuwa mukononi mwangu.

Jumapili nikienda misa napita njia ya juu, ndefu, mbaya, nisipite mlangoni kwa Maman Veneranda. Tukikutana sokoni ananiita Papa Niveleuse vilevile, ananiuliza kama nimekula. Mpaka leo yeye analaumu mvua.