Kipande cha Mwisho cha Ukuta wa Matete

Asubuhi ile nilikuwa nimekaa chini sebuleni nashona matete, na mama mkwe yuko nyuma yangu ananicheka. Nyumba hiyo ya mwami, yaani chifu wetu, kwetu kwenye milima ya Kivu, ilijengwa na babu wa mume wangu kwa matofali na bati. Wageni walisifia madirisha yake. Sisi tulijivunia ukuta wa nyuma, ambao haukuwa na tofali hata moja. Kila mwanamke aliyeolewa mle alishona kipande chake cha matete kwa nyuzi za migomba, nyingine zikiwa zimelowekwa katika tope jeusi la bondeni, akatia nakshi za kwao. Mafundo yalifungwa kwa ndani. Aliyekuja kumwona mwami alikaa akiutazama ukuta huo, na wake wote wa ukoo, wafu na walio hai, walikuwa mbele yake.

Kipande changu kilikuwa cha mwisho, pembeni, na kilinishinda. Nilikuwa na watoto wawili wadogo na vidole vizito. Juu nilikuwa nimekwisha kukifunga. Chini kilining'inia tu.

"Weye muvivu, bibi-arusi," mama mkwe alisema. "Benzako walimalizaka mbele ya kuzaa. Weye utamaliza wakati wajukuu yako watakuya?"

Nilicheka. Nilimpenda yule mama, pamoja na mdomo wake.

Risasi zilianza maharage hayajaiva. Mume wangu na baba yake, mwami mwenyewe, walikuwa wamekwenda mjini. Watu wenye bunduki waliingia kwa lango la mbele.

Mlango wa nyuma haukuwapo.

Mama mkwe alikiinua kipande changu kwa chini.

"Pitisha watoto. Na weye pita."

"Mama, kuya basi."

"Bakiona hii tundu batawafwata. Mwende!"

Nilitambaa hadi kwenye migomba. Nilipogeuka niliona vidole vyake katikati ya matete, vinavuta uzi.

Sikugeuka tena.

Majirani waliomzika walitukuta katika kambi ya wakimbizi. Ngoma, viti, ngozi ya chui, vyote vilibebwa, na baadaye nyumba ikachomwa. Yeye walimkuta pale pale, ameegemea ukuta. Walisema kipande changu kilikuwa kimefungwa mpaka chini, na mafundo yamepangika vizuri.

Sasa naishi Marekani, mjini Buffalo, mtaa wa Black Rock, nafanya kazi kiwandani. Mwaka 2015 mtoto wa shemeji yangu, anayesomea ujenzi huko Columbus, aliuchora ukuta ule kwa kuwauliza wazee kwa simu. Mchoro ulikuwa wa kutundikwa nyumbani kwa baba yake, katika mji wa Shively, ambako ukoo hukutana. Alinipigia nimetoka tu kazini, akichanganya Kifaransa kama kawaida yetu.

"Tantine, kwa kipande ya mwisho nimeandika jina yako. Ni vile?"

"Miye nilianza tu. Andika jina ya bibi yako."

"Lakini bibi ako na yake tayari. Donc atakuwa mara mbili?"

"Bon. Akuwe mara mbili."

Nilikata simu nikalia, viatu vya kazi vikiwa bado miguuni.

Watu hunifariji kwamba uvivu wangu ndio uliotuokoa. Ni kweli. Lakini tundu lile lilitutosha sote, hata yeye. Ila mafundo yalifungwa kwa ndani tu.