Maganda Yaliyogoma Kutoka

Kipketer ni mume wangu, na kwa hili sitamsamehe. Nasema wazi, mwenye kununa anune.

Mwaka wa 1968 alikuwa sajini wa polisi hapa Nakuru, mpiga shabaha wa kutegemewa. Bunduki yake ya mashindano ikaanza wazimu: akifyatua, ganda linang'ang'ania ndani, bolti ya kutolea ganda haifunguki mpaka aigonge kwa kiganja. Akaipeleka kwa Mohinder Singh, fundi wa bunduki mwenye duka karibu na stesheni. Mohinder akang'arisha tundu inamokaa risasi, akachonga upya ile ndoano inayovuta ganda. Siku ya mawingu ganda likatoka vizuri. Jua lilipowaka, wapi! Likakwama tena.

Basi Kipketer akatangazia mji mzima: "Fundi ameharibu bunduki ya serikali." Wateja wakaanza kumkwepa Mohinder. Na bunduki za watu ndizo zilizomlisha yeye na mkewe, Vimla.

Siku moja nilikuwa nimempelekea Kipketer chai kwenye uwanja wa shabaha. Mohinder akaja, amefura kwa hasira, anataka kujionea. Akakuta risasi zimeanikwa juani juu ya bati.

"Nani ameweka hapa?"

"Ni mimi," akasema Kipketer. "Stoo iko na unyevu. Nakausha."

Kwetu nafaka ya wimbi haiingii ghalani bila kuanikwa, na bwana huyu alidhani baruti nayo ni wimbi!

"Wewe, sajini mzima! Baruti ikishika moto ya jua inasukuma zaidi, ganda inafura, inakwama. Piga moja ya kivulini!"

Kipketer akafyatua. Bolti ikafunguka kwa kidole kimoja. Akajaribu ya juani, ikagoma. Nilicheka kwa sauti. Kipketer akanikodolea macho, sikujali.

"Sasa waambie watu," Mohinder akasema. "Vile ulitangaza, tangaza tena."

"Nitawaambia siku ya mashindano."

Siku ikafika, akashinda kikombe. Mkubwa wake akauliza mbele ya umati ni nani aliyeitengeneza bunduki hiyo. Mohinder alikuwa amesimama kando ya ua, kilemba kipya kichwani, anangoja.

"Ni mimi mwenyewe, afande," akasema Kipketer.

Eti mwenyewe! Mohinder akageuka, akaenda zake. Kabla msimu wa mvua haujaisha duka lake lilikuwa limefungwa. Vimla alikuja kuniaga akilia.

Kikombe ninacho. Nachotea kuku chakula, na Kipketer hathubutu kuniuliza.